Majina ya maduka yaondolewe mbele ya macho ya dereva

Magari mapya ya bei kubwa yanakuja na projekta iliyofichwa ndani ya dashibodi, inayorusha maandishi kwenye kioo cha mbele yakaonekana kana kwamba yanaelea barabarani. Mwendo, mshale wa kona, na kwenye matangazo ya watengenezaji, majina ya hoteli, migahawa na vituo vya mafuta unavyovipita. Mshale naukubali. Majina hayo ndiyo siyakubali, na kwa barabara za Dodoma sababu zake zinapimika kwa futi kamba.

Wazo lenyewe si geni. General Motors waliweka maandishi kwenye kioo cha Oldsmobile mwaka 1988. Kilichobadilika ni umbali: picha ya zamani ilionekana kama ipo mita 2 hivi mbele ya dereva, ila ya Mercedes S-Class na Volkswagen ID.3 za kuanzia 2020 inaonekana kama ipo mita 10, hivyo inaweza kulalia juu ya barabara halisi. Kwa kazi hiyo vioo vilivyopinda ndani ya dashibodi huelekeza mwanga kwenye eneo dogo tu, linalotosha macho mawili na kutikisika kidogo kwa kichwa. Abiria aliyekaa kushoto haoni kitu. Tangazo linasema mfumo unawahabarisha waliomo garini, kumbe anayehabarishwa ni yule mmoja aliyeshika usukani.

Na huyo naye haoneshwi maeneo yaliyo karibu naye, kwa sababu ya pembe. Picha hizi nyingi zina upana wa nyuzi kama 10, yaani nyuzi 5 kila upande wa mstari wa macho. Chukua duka lililo mita 15 kushoto kwa dereva. Piga hesabu: linatoka nje ya picha likiwa bado mita 170 mbele. Kwa kilomita 50 kwa saa, hizo ni sekunde 12 kabla hujalifikia. Jengo lililorudi ndani mita 40, kama majengo mengi ya wizara pale Mtumba, mji wa serikali, linatoka kwenye picha zikiwa bado mita 450 kulifikia. Wabunifu wanakwepa hilo kwa kubandika jina kwenye ukingo wa picha na kamshale ka pembeni. Hapo tena si alama juu ya mahali, ni maandishi ya kusoma tu, sawa na ya simu.

Kusoma kunakula barabara. Mwongozo wa Marekani wa 2013 kuhusu vifaa vya garini unataka mtazamo mmoja usizidi sekunde 2. Kwa kilomita 50 kwa saa hizo ni mita 28, na pale Majengo siku ya soko mita 28 zina bodaboda, mkokoteni na mama mwenye ndoo. Usijidanganye kwamba macho yapo mbele kwa hiyo unaona: NASA walijaribu marubani kwenye mashine ya kuigiza mwaka 1980, na baadhi yao, wakiwa wametulia kwenye maandishi ya kioo, hawakuiona ndege iliyozuia njia ya kutua.

Kisha jua. Anayekaa mjini na kufanya kazi Mtumba anaelekea mashariki asubuhi na magharibi jioni, jua likiwa usoni safari zote mbili. Anavaa miwani ya polaroidi, na kwa mifumo mingi picha inafifia au inapotea kabisa, maana miwani hiyo imetengenezwa kuzuia ule ule mng'ao unaoakisiwa na kioo kilicholala. Kuongeza mwanga wa projekta hakusaidii sana. Jaribu miwani ya kawaida ya giza. Vumbi la kiangazi nalo hutua kwenye kifuniko cha projekta juu ya dashibodi. Kifute kwa kitambaa laini kikavu, na mwambie kijana anayeosha gari asikipake mafuta ya kung'arisha dashibodi, maana picha itakuwa na ukungu.

Hasara kubwa zaidi huja siku kokoto ya lori inapopasua kioo. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Kwenye gari lenye projekta utando huo hauna unene sawa: umechongwa kama kabari nyembamba mno ili miakisi ya uso wa ndani na wa nje ilingane. Fundi akikuwekea kioo cha kawaida cha modeli hiyo hiyo kitakaa vizuri, hakitavuja, ila kila namba itakuwa na kivuli chake. Hakuna mpangilio wa menyu utakaokiondoa. Kabla ya kulipa, washa projekta usiku, utazame namba ya mwendo.

Mshale wa kona ndio wenye thamani, na wenyewe unategemea ramani. Wizara zilipohamia Dodoma nyingine zilianzia kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), zikaenda ofisi za awali Mtumba mwaka 2019, kisha majengo makubwa. Ramani isiyosafishwa inaweza kubaki na alama za kote huko. Kibaya zaidi ni alama kuwekwa katikati ya kiwanja, mshale ukakupeleka kwenye ukuta wa nyuma. Anayetaka ofisi yake ionekane vizuri asimame getini, mahali pa wazi, asubiri duara la GPS kwenye ramani ya simu lisinyae, ndipo aweke alama hapo hapo. Hata hivyo kosa la mita 5 pembeni, ukiwa mita 50, ni zaidi ya nusu ya picha nzima. Mitaa yenye mageti yaliyobanana, kama Area D, hilo ni geti la jirani.

Habari za maeneo wapewe wenye nafasi ya kuzisoma. BMW iX3 ya 2025 ina ukanda mweusi chini ya kioo, kutoka nguzo hadi nguzo, unaoonwa na abiria pia. Huo naweza kuuvumilia. Kwa watalii wanaokwenda kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, skrini ya nyuma au sauti mita 300 kabla inatosha: kwa kilomita 80 kwa saa ni sekunde 13. Kwenye menyu ya dereva zima maeneo yote, ubakize mwendo, mshale na tahadhari ya gari la mbele.