Mota Inayosubiri Kuambiwa

Hivi wenzangu, tangu lini chuma chakavu kikawa na majivuno?

Injini za zamani zilijua kuumwa. Ringi zikiisha, moshi. Gasketi ikiungua, maji yanachemka. Beringi ikifa, mtaa mzima unasikia na mafundi wanajileta wenyewe. Mimi nimenunua mota ya gari la umeme, Nissan Leaf ya 2013, kilowati 80, iliyong'olewa kwenye gari lililogongwa nyuma, nia yangu niifunge kwenye pikapu langu niachane na petroli. Inveta, kile kisanduku cha kuigeuzia mota umeme wa betri, imepanda juu ya mota, na vyote viko mezani uani. Nikiipa umeme inakaa kimya kama mpangaji aliyesikia hodi ya mwenye nyumba. Haingurumi, hainuki, haitoi hata cheche ya kunionyesha pa kuanzia.

Na kimya hicho ndicho kinacholeta washauri. Shemeji anasema tuchukue nyaya mbili za betri tuguse, itazunguka tu. Huyu aliwahi kutengeneza feni, basi tangu siku hiyo ni mhandisi. Nikamweleza taratibu: mota hii haili umeme wa betri ulivyo. Inataka mawimbi matatu yanayopishana, na kazi ya inveta ni kuukatakata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, kwa zile transista kubwa sita ziitwazo IGBT, mpaka mawimbi hayo yapatikane. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na tukigusa waya mmoja tu?"

Jirani naye kazipenda zile nyaya za rangi ya chungwa, anasema zingemfaa kuanikia nguo. Mzee wangu, rangi ile si urembo! Humo hupita volti zinazokaribia 400, na ndani ya inveta kuna kapasita inayobaki na umeme wake hata gari likizimwa. Ukishachomoa plagi ya usalama unasubiri dakika 10, halafu unapima kwanza ndipo uguse. Sasa jaribu kuwaweka watu wa uani kwetu dakika 10 mbele ya kitu kisichoguswa.

Kutafuta shoti ndiko kulikonitoa jasho. Unatakiwa kuwa na taa ya zamani ya uzi, wati 100, uiweke katikati ya chanzo cha umeme na inveta. Ikimulika kidogo ikafifia, kapasita imejaa, endelea. Ikiwaka moja kwa moja, kuna shoti ndani, na taa imekuokolea vitu vya pesa nyingi. Haya, nenda dukani kaitafute. Kila duka wanakupa LED, tena na mahubiri juu: "Chukua hii baba, haili umeme." Mimi nataka inayokula! Wanatazamana, wananionea huruma. Nikaja kuipata kwa bibi mmoja anayepashia vifaranga joto. Kanikodisha, kwa sharti irudi kabla jua halijazama.

Taa ikamulika, ikafifia. Nikageuza testa upande wa dayodi, yaani kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu, nikapima njia moja moja: huku inasoma volti 0.3 na ushei, ukibadili ncha haisomi kitu. Zote sita sawasawa. Yaani mgonjwa mzima wa afya, kakataa tu kuamka!

Kumbe anasubiri kuambiwa. Kompyuta ya gari inatakiwa kuipelekea inveta ujumbe kwenye nyaya za CAN, zile ambazo vifaa vya gari huongelea, kila milisekunde 10, na ndani ya ujumbe mna namba ya kuhesabia na namba ya uhakiki. Hesabu isipolingana, inveta haigeuzi hata robo mzunguko. Wewe mgeni, unaijua namba? Huijui. Basi kaa.

Nikampigia simu aliyeniuzia, nikamuulizia hiyo kompyuta. Akafikiri kidogo.

"Lile boksi dogo? Ah, nilijua ni redio. Kachukua kijana mmoja wa bodaboda, na juzi karudi analalamika, eti kafunga spika mbili na halisemi."

"Kwa hiyo unalo?"

"Hapana. Nilimwambia akalipige nyundo kidogo."