Windows 10 au 11: Nusu ya Uamuzi Imo Ndani ya Mashine Yenyewe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha viraka vya usalama vya bure (masasisho ya kuziba matundu) kwa Windows 10. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, na ndiyo maana hadi leo wapo wanaouliza: kuna haja gani ya kuhamia Windows 11 wakati hii niliyonayo haijanikosea?

Swali hilo lina msingi. Wengi huhofia sura mpya, ile menyu iliyosogezwa katikati, lakini jambo hilo mtu hulizoea ndani ya siku mbili. Kinachostahili kuhofiwa ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Skana au printa ya zamani ambayo mtengenezaji wake aliacha kuiandikia draiva miaka mingi iliyopita inaweza kugoma kabisa. Tena Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Aliye na Windows 10 ya biti 32 hawezi kupandisha juu kwa juu, yaani kuhama huku programu na faili zikibaki mahali pake. Ni lazima asimike upya, na draiva zake za biti 32 hazitamfaa. Ofisi inayotegemea kifaa kimoja cha namna hiyo ina sababu ya kweli ya kusita.

Upande wa pili kuna hatari isiyoonekana kwa macho. Windows 10 na 11 zina msimbo mwingi wa pamoja. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, wavamizi hukilinganisha na faili za kabla yake, wakaona ni wapi palipozibwa, kisha wakajaribu pale pale kwenye mfumo ambao hauzibwi tena. Kwa hiyo kila mwezi unaopita, ramani ya matundu yako inazidi kuchorwa. Hata hivyo, kuwa na mfumo mpya peke yake si kinga. WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili na kudai fidia, iliposhambulia Mei 2017, kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi, na waathirika wengi walikuwa kwenye Windows 7, iliyokuwa bado inahudumiwa. Hawakuwa wamekisimika, basi. Anayehama halafu akazima masasisho kwa sababu yanamla bando amejisumbua bure.

Kabla ya kubishana zaidi, iulize mashine. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, UEFI (BIOS ya kisasa, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine) yenye ulinzi wa Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft: kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane kwenda juu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome toleo lililoandikwa chini. Ukiambiwa TPM haipo, usikate tamaa. Mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, kwa jina la PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD. Kisha fungua msinfo32 kwa njia hiyo hiyo. BIOS Mode ikisomeka Legacy, diski pengine iko kwenye mpangilio wa zamani wa MBR na itabidi igeuzwe kuwa GPT, mpangilio unaoendana na UEFI. Amri ya mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikiandikwa kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri) yenye haki za msimamizi, hukagua kama inawezekana bila kugusa chochote. Hata hivyo, nakili faili zako kwanza.

Hapa ndipo watu hunaswa. Unabadilisha jambo dogo kwenye BIOS, unawasha, na skrini ya buluu inakudai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, wenye tarakimu 48. Huna ufunguo, huna faili. Uandike karatasini, au usitishe BitLocker kwa muda, kabla ya kuingia BIOS.

GB 4 za RAM zinatosha kwenye maandishi tu. Chini ya 8 utateseka. Kikwazo kikubwa zaidi ni diski ya kuzunguka, ile ya zamani ya HDD. Fungua Task Manager kwenye kompyuta mpakato yenye diski hiyo, uone safu ya diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikipiga usingizi. Weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, ambayo kwa kawaida huingia mahali pale pale, ndipo ufikirie kuhama.

Kama mashine haina sifa, zipo njia za kuruka ukaguzi, nami sizipendekezi kwa mashine ya kazi: Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na prosesa za zamani zisizo na seti ya maagizo ya SSE4.2 haziwashi kabisa toleo la 24H2 la Windows 11. Mpango wa viraka vya nyongeza kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 ulitangazwa kufika 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga tu. Kwa anayetumia kivinjari na kuandika barua, Linux Mint, mfumo endeshi mwingine wa bure, itaihuisha mashine hiyo vizuri. Ijaribu kwanza kwenye flashi, bila kusimika.

Ukihama kwa kupandisha juu kwa juu, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia mipangilio ya urejeshaji. Baada ya hapo folda ya Windows.old, inayohifadhi mfumo wa zamani, hufutwa. Siku 10 hazitoshi kama hesabu za mwisho wa mwezi bado hazijafika, kwa hiyo siku ile ile ya kwanza fungua Terminal kwa haki za msimamizi uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, kisha ujaribu printa kabla ya kitu kingine chochote.