Mwezi Umeandama kwa Nani?

Wapo watu wenye nafasi ambao hujadili kwa utulivu iwapo mwanadamu anahitaji sayansi, dini, au vyote viwili ili aishi vyema. Mimi mjadala huo hunifikia kila mwaka magharibi ya chungu cha 29, yaani siku ya 29 ya mfungo wa Ramadhani, wakati muuza nyama anapotaka kujua kama anikatie kilo zangu za pilau au asubiri, nami sina jibu, kwa kuwa nyumbani kwangu mwezi huandama kwa awamu.

Shemeji yangu hufuata Makka. Ikitangazwa huko kuwa ni Idi, huvaa kanzu na kudai mkono wa Idi. Mama mkwe hataki habari za mbali: mwezi uonwe hapahapa, kwa macho, na watu waaminifu. Kijana wangu wa chuo ana programu ya simu inayomweleza mwezi utazama dakika ngapi baada ya jua, na hutuhutubia kwamba kutoka mwandamo hadi mwandamo ni takriban siku 29 na nusu, ndiyo maana mfungo huwa 29 au 30. Matokeo yake, anayekula humwona aliyefunga kuwa amefunga siku ya haramu, aliyefunga humwona anayekula kuwa amekula mchana wa Ramadhani, na wote wawili hunikabidhi mimi hukumu pamoja na gharama ya mchele.

Kinachoniudhi ni kwamba mama mkwe huyohuyo asiyetaka hesabu hufuturu kwa kalenda ya nyakati za sala iliyobandikwa jikoni, ambayo ni hesabu tupu hadi dakika. Sijamwona akisimika kijiti uani apime kivuli cha alasiri!

Kijana naye hutukumbusha kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, kulikoonekana kama pete kule Rujewa, mkoani Mbeya, na ambako wataalamu walikujua mapema kiasi kwamba watu walifunga safari kwenda kukutazama. Nakubali. Lakini hesabu hueleza mwezi uko wapi. Haielezi kama kuna jicho lililouona kupitia mawingu ya masika, na hilo ndilo analouliza shehe. Wala programu haijamweleza kwa nini yeye mwenyewe, akiwa hoi kwa kiu saa kumi jioni na bila mtu wa kumchunga, hagusi maji. Nilipomwuliza, aliniomba nimwache alale.

Kwa hiyo mimi navitaka vyote viwili, kwa sharti kwamba vipatane kabla bucha halijafungwa. Hesabu imweleze shahidi atazame wapi na saa ngapi, tena imkatalie anayeapa kuwa ameuona mwezi uliokwisha kuzama kabla ya jua. Kisha shahidi aseme alichokiona, nasi tule siku moja.

Pendekezo hili nililitoa wakati wa futari. Shemeji alicheka, na kijana akatumia nafasi hiyo kututangazia kuwa, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku zipatazo 11, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Mama mkwe aliweka kikombe cha uji chini, akamtazama mjukuu wake, kisha akanigeukia mimi.

“Baba, na mshahara wako je, huo mwaka nao utaandama mara ngapi?”