Gari halikuwa na shida, ilikuwa Lou Reed

Naona voisi ya rafiki yangu makanga, ile anasema niliita mapepo kwa matatu, imefika hadi grupu ya kwaya, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe. Sikuita mapepo. Niliweka tu Metal Machine Music, albamu ya Lou Reed, yule mwanamuziki wa rock wa Marekani.

Wenye mmenimute juu ya hii albamu mnaijua (na mnajijua). Ilitoka 1975, sahani mbili, pande nne, kila upande kama dakika 16, hakuna ngoma wala kuimba, ni gitaa limewekwa karibu na amplifaya likapiga kelele lenyewe. Dereva alikuwa amechoka na gengetone akaniambia leo chagua wewe, nikachomeka flash.

Tuko hapo Roysambu, tumejaa. Ikaanza. Dereva akaangalia dashibodi. Akatega sikio. "Hiyo ni belti," akasema polepole, na kabla nimjibu ameshaweka indiketa anatoka barabarani. Akazima injini ndio asikie vizuri.

Sauti ikaendelea.

Hapo ndipo basi lote likanyamaza. Na nyinyi mnajua injini ya nissan iko chini ya kiti cha mbele, kwa hivyo, "Boss, hebu inuka kidogo," nikainuka, walai niliinuka, nikasimama kando ya lami nimeshika mkoba kama mtu asiyehusika huku wanainua kiti changu na makanga ameinama na tochi ya simu anatafuta Lou Reed kwa radieta. Mama mwenye trei ya mayai akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mzee mmoja wa kofia, mtulivu kabisa, akauliza, "Sasa wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?"

Ningenusurika, lakini kijana wa kiti cha nyuma akatoa earphone akasema hakuna kitu imeharibika, hiyo ni albamu, tena kali. Macho yote kwa flash, halafu kwangu.

Huko Marekani wengi waliirudisha dukani, hawa abiria wangu wakataka warudishiwe nauli. Nikalipa, nikapiga mguu. Yule kijana tulibadilishana namba, kumbe ni shabiki wa Duma, bendi ya kelele ya hapa hapa Nairobi waliotoa albamu yao 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, kwa hivyo sasa tuko wawili.

Flash bado iko kwa dereva. Anasema hataitoa, anaitumia usiku kuamsha walevi wakifika steji ya mwisho.