Chuo cha ufinyanzi: ulizeni tanuri linawashwa mara ngapi

Mitihani ya kidato cha sita ikishaisha mwezi Mei, nyumba nyingi za Kigoma huingia kwenye mjadala uleule wa ualimu, uuguzi au sheria. Mwaka huu umenifikia wa aina nyingine. Binti mmoja wa Kasulu anataka kusomea ufinyanzi. Baba yake amekubali kwa sharti kwamba iwe shahada. Shangazi yake, ambaye amesomesha watoto kwa kuuza vyungu gulioni, anasema aanzie karakana, shahada itafuata ikitaka. Baba akamjibu: "Dada yangu, si wewe uliyekuwa ukituambia mfinyanzi hulia gaeni?" Watu wakacheka, na shangazi akaonekana ameshindwa.

Mimi sidhani kama alishindwa. Nadhani hakusikilizwa, na sababu kubwa ni kwamba hana cheti cha kuning'iniza ukutani.

Hata hivyo, hoja za baba si za kubeza. Shahada inayotambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inamwezesha binti kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Soko la vyungu likiyumba, mwenye shahada ya sanaa anaweza kufundisha, kuomba kazi makumbusho au kuendelea na masomo. Mahali pa kusoma papo pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu. Makerere kuna shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell miaka ya 1930, na seramiki inafundishwa pale hadi leo. Asiyefikia sifa za shahada ana TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, kwa ngazi ya astashahada na stashahada.

Ila kuna jambo moja baba analichanganya. Anataja viwanda vya vigae vya Pwani, Twyford pale Chalinze na Goodwill pale Mkuranga, kana kwamba vinamsubiri binti yake. Kiwanda cha vigae kinamtaka mtu wa mitambo, wa kemia, wa kudhibiti mwendo wa tanuri refu lisilozimwa usiku wala mchana. Kama kiwanda ndiyo shabaha, binti aombe uhandisi wa kemikali, na mjadala huu wote ufungwe. Shahada ya sanaa haitamfikisha kwenye chumba kile cha udhibiti.

Tuje kwa shangazi. Alisema neno moja ambalo wengi walilipita: "Muulizeni huko chuoni wanachoma mara ngapi." Kwangu hilo ndilo swali zito kuliko ada, kuliko jina la chuo, kuliko hata nani anafundisha.

Chungu hakiwi chungu mpaka kipite motoni, na motoni kuna vizingiti viwili vinavyowaliza wanafunzi. Cha kwanza kipo kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yanageuka mvuke, na kama chungu hakikukauka sawasawa au moto umepandishwa kwa pupa, kinapasuka kwa kishindo na vipande vyake vinajeruhi vya jirani. Cha pili kipo kwenye nyuzi 573. Hapo chembe za kwatzi, ule mchanga mweupe uliomo kwenye udongo, zinavimba ghafla, na moto ukishuka zinasinyaa tena ghafla. Upande mmoja wa chungu ukipoa kabla ya mwingine, ufa unaingia, na mara nyingi ni mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hanunui kwa macho. Anakiinua chungu kwa mkono mmoja na kukigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine. Kikilia wazi, analipa. Kikitoa sauti iliyokufa, anakirudisha chini bila kusema kitu.

Mwanafunzi anaweza kuijua 573 kwa kuisoma na akapata alama zote kwenye karatasi. Mafundi wa kike wanaochoma uwanjani kwa kuni na nyasi hawana kipimajoto. Wanachanganya udongo na mchanga au unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, wanawasha nyasi ndani ya chungu kukipasha taratibu kabla ya moto mkubwa, na hawakifunui mpaka majivu yapoe. Kila hatua kati ya hizo ni jibu la vizingiti vile viwili, nao wameipata kwa kupoteza vyungu vingi.

Sasa tupige hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme chuo kinawasha tanuri mara mbili kwa muhula, na seramiki inaanza mwaka wa pili, kwa sababu shahada nyingi za sanaa humzungusha mwanafunzi kwanza kwenye uchoraji, uchongaji na historia. Katika shahada ya miaka mitatu hiyo ni mihula minne, yaani michomo 8. Tanuri hilo linagawanwa na darasa zima, kwa hiyo kila mchomo anaingiza vipande viwili vitatu. Mama anayechoma mara moja kwa wiki tangu Juni hadi Septemba anapata michomo 16 au zaidi, na vyungu vyote ni vyake. Hata ukikifanya chuo kiwashe mara mbili ya hapo, miaka yake miwili ya ufinyanzi inalingana na kiangazi kimoja cha huyu mama. Nimeigeuza hesabu hii kila upande ili chuo kipate nafuu, na nafuu pekee niliyoiona ni chuo chenyewe kuwasha zaidi.

Lipo na suala la udongo. Chuo kikimzoeza binti tanuri la umeme linalofika nyuzi 1,250, na udongo mweupe unaoistahimili, akirudi Kasulu atakutana na udongo mwekundu wenye chuma. Udongo huo hukomaa vizuri karibu na nyuzi 1,000. Aupeleke 1,250 na utavimba au kulegea na kuinama tanurini. Na tanuri lenyewe atalipata wapi? Mkoa huu uliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, na hata umeme ukiwa wa uhakika, tanuri kubwa linataka laini ya viwandani. Mwenye shahada aliyefundishwa kifaa kimoja na udongo mmoja anaweza kurudi nyumbani akakosa pa kuanzia, ilhali humuhumu mkoani watu walifinyanga bila umeme: wanaakiolojia waliochimba Uvinza miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu vya watu waliochemsha chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Wanaomtetea baba wananitajia Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, ambaye leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Si alisoma Royal College of Art ya London, akahitimu 1982? Ni kweli. Lakini kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1970, alikwenda Abuja ya zamani, mji wa Nijeria ambao leo unaitwa Suleja, akakaa na wafinyanzi wa kike akiwemo Ladi Kwali, akajifunza kujenga chungu kwa mkono. Kazi zilizompa jina hazikutoka kwenye gurudumu la kufinyangia, na wala hazipakwi glezi, ile ngozi ya kioo inayong'aa juu ya sahani. Amezijenga kwa mkono, akazisugua mpaka zikang'aa. Chuo kilimpa mengi, sikatai, ila ukiifuta ile safari ya Nijeria sijui ungebaki na Odundo yupi.

Kuna mawili ambayo shangazi hawezi kumpa binti, na lazima niyaseme. La kwanza ni kuni. Mchomo wa uwanjani unakula kuni nyingi kwa joto dogo, na misitu ya Kasulu na Kibondo imeshabeba mzigo mkubwa. Kujenga tanuri linalobana moto ni elimu ya darasani. La pili ni glezi. Glezi za moto mdogo kwa muda mrefu zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na sumu hiyo huingia kwenye chakula, hasa chenye ndimu au siki. Hapo kukisia ni hatari, na kemia haina njia ya mkato.

Kwa hiyo mimi ningempeleka karakana kwanza, chuo baadaye, na ratiba yenyewe inaruhusu. Kati ya Mei na vyuo kufunguliwa Oktoba au Novemba kuna kiangazi kizima, ndio msimu wa kuchoma, isipokuwa kama binti amepangiwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Maombi ya mkopo yanajazwa katikati ya miezi hiyohiyo, na yanajazwa mtandaoni, kwa hiyo hakuna atakachokikosa akiwa kwa shangazi. Akishakaa naye, apige simu kwenye kila chuo alichokiorodhesha aulize mambo matatu: tanuri linawashwa mara ngapi kwa muhula, mwanafunzi anaanza kuligusa mwaka gani, na kama anaruhusiwa kuja na gunia la udongo wa kwao. Chuo kitakachomjibu la tatu kwa kumuuliza udongo huo umechimbwa wapi, hicho akiweke namba moja, hata kama baba hajawahi kulisikia jina lake.