Ukimuuliza mgonjwa wa sukari "unafuata masharti?" utadanganywa tu

Shangazi yangu ana sukari miaka mingi sasa na daftari lake la vipimo ni safi kuliko daftari lolote la shule nililowahi kuona. Siku moja nikawa nalipitia, nikaona mwezi mzima umeandikwa kwa kalamu ileile, namba zote zinacheza 6 na 7, nikachukua mashine yenyewe nikaangalia kumbukumbu yake, kumbe mwezi ule kapima mara tatu tu. Na mara moja ilisoma 15, juu sana.

Sikumwambia kitu siku ile. Lakini nilimwelewa, maana usiku wa kuamkia kliniki anakaa chini anajaza kurasa zote, akienda nazo tupu atagombezwa mbele za watu kama mtoto, na mtu mzima hapendi hayo.

Ndo maana mi naona tunakosea kwenye swali lenyewe. "Unafuata masharti?" Nani atajibu hapana? Swali lile haliulizi amefanya nini, linauliza kama yeye ni mtu mzuri, na kila mtu ana jibu moja tu hapo.

Kuna dodoso la kumuuliza mgonjwa wa sukari anavyojitunza, linaitwa SDSCA, Toobert wa Marekani na wenzake walichapisha toleo lake jipya mwaka 2000, na nalipenda kwa kitu kimoja. Linauliza siku. Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi umefuata mpangilio wako wa chakula, siku ngapi umefanya mazoezi angalau dakika 30, siku ngapi umepima sukari, siku ngapi umekagua miguu, siku ngapi umechungulia ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Hilo la viatu mtu anaweza kuliona dogo, ila sukari ikishaharibu mishipa ya fahamu ya miguu unaweza kutembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima usilisikie, jioni unavua soksi unakuta damu, na kidonda cha hivyo ndo mwanzo wa safari ya kukatwa mguu.

Kingine, majibu hayajumlishwi kuwa maksi moja. Chakula kivyake, mazoezi kivyake, miguu kivyake. Na ni sawa kabisa, kwasababu mtu anaweza kumeza dawa siku zote 7 bila kukosa na miguu asiiguse hata mara moja, sasa huyo ukimpa maksi moja ya jumla umejua nini?

Najua kuna watu watasema ya nini kuhangaika na maswali wakati HbA1c ipo, damu haidanganyi. Kweli, ni kipimo kizuri sana, kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita na watu wazima wengi huwekewa lengo la chini ya 7%. Ila wastani ni wastani jamani! Mtu anayepanda mpaka 16 mchana na kushuka 3 usiku anatetemeka na jasho linamtoka, anaweza kutoa wastani wa kupendeza tu. Mwenye selimundu (sickle cell) chembe zake nyekundu za damu haziishi siku nyingi, na kipimo hiki kinasoma sukari iliyojishika kwenye chembe hizo, kwahiyo namba inaweza kutoka ndogo kuliko hali halisi. Na kuna yule anayefanya kila kitu alichoambiwa na bado namba haishuki kwasababu dozi yake haitoshi au anatumia dawa nyingine zinazopandisha sukari, halafu anaambiwa ni mzembe. Hili linaniuma kuliko yote. HbA1c inakuonyesha damu ikoje, jitihada za mtu haizioni.

Dodoso nalo mtu anaweza kulidanganya, sikatai. Ila kusema "siku mbili" ni rahisi kuliko kusema "sijitunzi", na ukishapata hiyo mbili unaweza kuuliza zile tano zilikuwaje, vijiti vya kupimia viliisha? Kidole kinauma? Alikuwa anaogopa kuona namba?

Juzi nikamjaribu shangazi. Nikamwambia, shangazi, wiki hii miguu umeiangalia siku ngapi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hata moja mwanangu, siwezi kuinama siku hizi, mgongo." Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa anajua ni mgongo. Nikaenda kuchukua kioo kidogo, nikakiweka sakafuni, akavua soksi.