Kila binti kwetu ana somo yake, daktari wa kike je?

Huu mwaka wa sita niko Uingereza, wodi za wagonjwa wa ndani, na kila nikiongea na wadogo zangu madaktari walioko Mtwara na Lindi swali ni lile lile, dada huko umewezaje. Wanadhani ni vifaa. Jamani, huku nilipata mtu wa kunitaja jina, basi.

Sisi watu wa Kusini binti akitoka unyagoni ana somo yake, mama aliyemfunda, hata akiolewa akazaa akikwama anarudi kwake. Sasa mbona kazini tunaachwa hivi hivi? Somo yangu mimi alikuwa sista wa leba kwenye hospitali moja huko kwetu, mkunga wa siku nyingi. Usiku mmoja mama kajifungua damu haikati, mi mikono inatetemeka, akanishika kiwiko akaniambia taratibu, "dokta, oksitosini nishachoma, wewe kanda tumbo, usiache", nikakanda mpaka nikausikia mfuko wa uzazi unakaza chini ya kiganja kama ngumi. Mambo ya leba nimeyajulia kwake. Ila sista haingii kikao cha mabosi, na kikao ndo kinaamua nani aende kusoma.

Ikaja nafasi ya mafunzo ya ultrasaundi, wiki chache tu Dar, mimi ndo nashinda leba, akapelekwa mwenzangu wa kiume ambaye hata hakuiomba. Kuuliza naambiwa tulikuonea huruma, una mtoto mdogo. Hakuna aliyeniuliza! Mama yangu alikuwa tayari kushuka kutoka Newala akae na mjukuu wake. Mpaka leo inaniuma.

Huku daktari aliye kwenye mafunzo lazima awe na msimamizi wake anayejulikana kwa jina, mnakaa, mnaandika umefika wapi na unataka nini. Ni kitu kizuri na nyumbani tungeweza kukifanya bila hela yoyote, daftari na kalamu tu. Lakini tusidanganyane, mi nilianzia kazi ya udaktari ya kawaida, isiyo ndani ya mpango wa mafunzo, na hapo hakuna aliyehangaika na mimi, alafu mwaka 2025 wanawake wamekuwa wengi kuliko wanaume kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza ila nenda upasuaji uone mabingwa wa kike walivyo wachache bado.

Kilichonisogeza ni konsaltanti mmoja, yaani daktari bingwa mkubwa wa wodi, mzee wa kiume. Tumemaliza raundi akaniuliza, kuna nafasi klinik ya kisukari hospitali nyingine, unaitaka? Nikasema naitaka. Akatoa simu palepale koridoni akapiga, akataja jina langu lote mpaka la baba, tena kwa matamshi yetu, akasema huyu ninamjua kazi yake, mwiteni. Dakika mbili hazikufika.

Kwetu hili jambo hata neno lake limeharibika, ukisema dokta fulani ana sponsa watu washaelewa mengine kabisa, na najua wapo mabosi wa kiume wenye nia safi wanaogopa kumshika mkono binti kwa sababu ya maneno ya watu. Mi nasema mtajeni kikaoni, mbele ya wote, semeni amefanya nini na iandikwe kwenye muhtasari, umbea utakosa pa kushika. Na kabla hamjamwondoa kwa sababu ya mtoto au mume, muulizeni kwanza mwenyewe.

Maana sasa hospitali ya Ligula pale Mtwara ipo, Sokoine pale Lindi ipo, na Mitengo, hapo hapo Mtwara, tuna hospitali ya rufaa ya kanda, tunataka mabingwa wa kukaa Kusini sio mgonjwa apakiwe kilomita zaidi ya 500 mpaka Dar, na wa kuwa mabingwa hao wako wodini usiku huu wanakesha, wengi wao mabinti. MEWATA, chama cha madaktari wanawake Tanzania, ipo tangu 1987, wadogo zangu jiungeni, mkutane na dada waliotangulia, msikae peke yenu.

Na mimi nimeanza. Unayeomba kwenda kusomea ubingwa mwaka huu nitumie barua yako niisome, tuisahihishe pamoja, alafu niambie bosi gani unamwendea, kama namfahamu nitampigia mwenyewe nimwambie wewe ni nani.